Mafuta ya Breki Yanakwenda Wapi?

Kwa maneno ya jirani muuza mayai, trekta la mkulima lilimwona, likakata kona, likamfuata hadi ukutani. "Barabara nzima ilikuwa tupu," aliwaambia wateja wake, "lakini lilinitaka mimi." Kila aliposimulia, trekta liliongeza mwendo.

Mke wa mkulima alikuwapo. Hakuona trekta likimchagua mtu. Alimwona mumewe akikanyaga breki, pedali ikazama kama amekanyaga tope. Akaipigapiga mpaka ikashika. Ila ilishika upande wa kushoto tu, trekta likavutwa huko.

Hakuna aliyeumia. Lakini tangu hapo moyo wa mke haukutulia. Viazi vilikuwa vinangoja kupelekwa sokoni, na njia ya sokoni ina mteremko mkali unaopita mbele ya shule.

"Trekta zee lina tabia zake," mume alisema. "Ukilibembeleza, linashika. Tumezoeana."

"Mmezoeana na ugonjwa. Na mafuta ya breki unaongeza kila mara. Yanakwenda wapi?"

Mume akakuna kidevu. Hilo hakuwahi kujiuliza.

Mke akampigia simu kaka yake, fundi wa matrekta. Asubuhi fundi akafika na mkoba wake wa spana.

"Shemeji, nasikia siku hizi unawinda wauza mayai."

"Tengeneza breki kwanza. Utanicheka baadaye."

Fundi alihakikisha injini imezimwa, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha akafuata njia ya mafuta kwa kidole, toka kwenye kikopo kinachoyahifadhi hadi kila gurudumu. Nyuma ya gurudumu la kulia, kidole kikalowa. Mpira unaopitisha mafuta ulikuwa umepasuka.

"Yalikuwa yanakwenda hapa," alisema. "Breki hizi zinasukumwa na mafuta. Yakivuja, upepo unaingia. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Ndiyo maana pedali inazama."

"Nami nikiongeza mafuta?"

"Unajaza ndoo iliyotoboka, shemeji."

Akafunga mpira mpya. Akatia mafuta mapya ya breki, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. "Msije mkatia mafuta yoyote mnayoyaona," alionya. "Yasiyofaa yanaharibu mipira ya ndani. Sasa tutoe upepo. Nahitaji mtu wa kukanyaga."

Mume akainua mguu apande.

"Siyo wewe. Wewe umeshazoea kupigapiga. Dada, panda."

Fundi akachomeka mrija mwembamba kwenye nati ndogo ya kutolea upepo, nyuma ya gurudumu la kulia. Ncha ya pili akaizamisha ndani ya chupa yenye mafuta ya breki.

"Kanyaga taratibu. Shikilia hapo hapo." Akalegeza nati. Mapovu yakatoka. Akaikaza. "Sasa achia."

Wakarudia hivyo hivyo, mume akiongeza mafuta ili kikopo kisikauke na upepo usiingie upya. Mapovu yakapungua, kisha yakaisha. Mke akahisi pedali ikimgomea chini ya unyayo.

"Haizami tena," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa. Siku ikizama, msiibembeleze. Simamisheni trekta, mtafute panapovuja."

Kabla hawajalijaribu, akaziunga pedali mbili za breki, ya gurudumu la kushoto na ya gurudumu la kulia, kwa komeo lake. "Shambani mnatumia moja moja kugeuza trekta. Barabarani ziwe pamoja, la sivyo litavuta upande mmoja."

Mke akaliendesha polepole uani, palipo tambarare, bila tela. Akakanyaga breki mara moja tu. Likasimama limenyooka. Akajaribu tena, kwa sababu ilimfurahisha.

Wakafunga tela, wanaume wakaanza kupakia viazi. Mke hakushuka kitini.

"Baba watoto," aliita. "Shambani naliendesha kila siku. Leo mteremko ule nishuke nao mimi?"

Mume alisimama na gunia begani, akamtazama. Fundi akainama, ghafla akawa na kazi nyingi ya kupanga spana. "Shuka nao," mume akasema, akalipandisha gunia kwenye tela.