Kichwa cha Asiya Mnadani

— Nani anaongeza? Tazameni shingo hii! Tazameni midomo!

Asmani dalali aliinua sanamu juu, na ufuo mzima wa ziwa pale Rumonge ukacheka. Chausiku hakucheka. Alikuwa nyuma, kati ya wanawake wauza mawese, macho yameganda kwenye mkono mmoja ulionyanyuka mbele kabisa. Mkono ule aliujua. Ulikuwa wa mumewe, Alimasi seremala.

Mdachi mmoja mfanyabiashara alikuwa amerudi kwao Ulaya, na vyombo vyake vilikuwa vikinadiwa. Saa ya shaba yenye kichwa cha mfalme wao ilikuwa imekwishachukuliwa na Mhindi. Vyombo viwili vya maua, kila kimoja na uso na mabega ya binti wa Kizungu, vilikwenda kwa askari wa boma. Kilichobaki kilikuwa kichwa cha udongo wa kuchoma, alichokifinyanga mzungu mwenyewe. Huyu hakuwa wa Ulaya. Alikuwa na nywele za kusuka na kovu dogo juu ya nyusi, na kila mtu pale alimtambua: Asiya wa Minago, aliyekuwa akimfulia mzungu nguo. Asiya ambaye Alimasi alimposa zamani, kabla ya Chausiku, wazee wa msichana wakakataa.

— Dada, bwana yako anajinunulia muke wa pili bila mahari, — jirani akamnong'oneza Chausiku.

Askari mmoja alipandisha bei, akasema kwa sauti kwamba kichwa kile atakilaza kitandani kwake. Watu wakaangua kicheko. Hapo Alimasi akataja bei iliyomfanya hata Asmani ameze mate. Sanamu ikawa yake. Alipogeuka, ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akakutana na macho ya mkewe.

Chausiku akamgeuzia mgongo, akaondoka.

Nyumbani alimsubiri mlangoni.

— Ulisema unaenda kununua musumeno.

— Ndiyo.

— Musumeno iko wapi?

— Chausiku...

— Nimekuuliza kitu chepesi. Iko wapi?

Alimasi akaweka sanamu pembeni, uso umeelekea ukutani, akaifunika shuka.

— Mugeuze anitazame! Ananiogopa?

— Ni udongo tu, muke wangu.

— Udongo unasikia baridi, mpaka umefunika shuka?

— Uliwasikia wale askari. Ulitaka nimuache mikononi mwao?

— Nilitaka ukumbuke kwamba na mimi nimesimama pale.

Alimasi akajifuta jasho.

— Siwezi kukueleza yote leo.

— Kumbe kuna yote? — Chausiku akasema taratibu. — Mimi nilifikiri kuna moja tu.

Alimasi akatoka kwenda kwenye mitumbwi aliyokuwa akiitengeneza, chakula kikapoa. Chausiku akabaki na ule uso. Akauvua shuka. Ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililomchoma. Angeukuta mbaya angelala. Alijikuta anapapasa nyusi zake mwenyewe, akaona aibu, halafu hasira.

Asubuhi alikifunga kichwa kile ndani ya kanga, akaomba nafasi kwenye mtumbwi wa wauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, akaenda Minago. Njia nzima alipanga maneno. Kofi alikuwa nalo tayari mkononi.

Asiya alikuwa anaanika mihogo nyuma ya nyumba.

— Amahoro, — akamsalimu kwa neno la amani.

— Sikuja na amahoro. Nimekuletea kichwa chako.

Chausiku akafungua kanga. Alitegemea aone mwanamke anafurahi, anajivuna. Asiya alishika mdomo, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

— Kifunike, dada. Nakuomba. Mustafa asione.

— Mustafa ni nani?

— Mutu anayetaka kunioa, mwezi mutukufu ukiisha.

Kisha maneno yakamtoka kwa haraka. Alikwenda kufua, mzungu akamwambia akae kwenye kiti asitikisike. Aliogopa kukataa. Mzungu hakumgusa, lakini nani aliamini? Tangu hapo hakuna mwanamume aliyemtazama bila kutabasamu vibaya. Aliposikia vitu vinauzwa, alimtuma mtu kwa Alimasi kumwomba akinunue kichwa kile kabla hakijawa mchezo wa walevi.

— Kwa nini mume wangu? Huna kaka?

Asiya akainamia mihogo.

— Kwa sababu yeye alikuwa amekuja hapa, siku za nyuma.

— Alikuja kufanya nini?

— Muulize mwenyewe.

— Nimekuuliza wewe!

— Alitaka niwe muke wa pili. Nilimukataa, dada. Nilimwambia siwezi kuingia nyumba ambayo mwenyewe hajui kama naingia.

Kofi likamfia Chausiku mkononi. Angepigana na mwanamke aliyesema ndiyo. Huyu aliyesema hapana kwa kumheshimu yeye, angemfanya nini?

— Ni mali yenu, — Asiya akasema, amechukua mchi wa kutwangia. — Utaniruhusu?

— Piga.

Asiya alipiga, sanamu ikapasuka sikio tu. Chausiku akampokonya mchi. Alipiga uso, akapiga shingo, akaendelea kupiga hata pale ambapo hapakuwa na uso tena, mpaka Asiya akamshika mabega.

Chausiku hakurudi Rumonge. Alikwenda Kizuka kwa baba yake, mzee Radjabu, na huko ndiko Alimasi alikomfuata. Mzee akamkaribisha uani, akamwita binti yake, akawaachia nafasi.

— Nimekuja kukuchukua.

— Ulikwenda Minago kuposa?

— Nilikwenda.

— Angekubali, ingekuwaje?

Alimasi akatazama mlango alikoingia mzee.

— Angekuwa kwetu sasa.

— Na mimi ningejua lini? Nikimukuta jikoni? Dini imekuruhusu, Alimasi. Ningelia, ningekubali ao ningeondoka. Lakini ningesikia kinywani mwako! Asiya amenionea haya kuliko wewe.

— Nilipokuoa bado nilikuwa na uchungu wake. Sikukuambia. Nikafikiri nikimupata, utaisha.

— Sasa amekukataa, ndiyo unakumbuka Chausiku yuko Kizuka.

— Juzi mutu aliita jina lako njiani. Alikuwa anamwita mutoto wake. Nilikimbia mpaka nje na randa mkononi.

Chausiku aligeuza uso ili asione kwamba maneno yale yamemfika.

— Rudi kwako. Nitakuja siku nitakayotaka mimi. Sichukuliwi kama kitu cha mnada.

Mwezi mtukufu ukaisha. Asiya akamtumia mwaliko, na Chausiku akafika Minago siku ya harusi na mzigo wake wa nguo kichwani, akitokea Kizuka. Alimasi alikuwapo, kwa wanaume. Asiya alipotolewa nje amefunikwa, wanawake wakapiga vigelegele. Chausiku naye alipiga, lakini hakumtazama bibi harusi hata kidogo. Alikuwa anatazama macho ya mumewe.

Baada ya pilau alimkuta Alimasi anamsubiri njiani.

— Umemutazama, — Chausiku akasema.

— Nimemutazama.

— Kwa nini?

— Nilitaka kujua kama bado itaniuma.

— Ikauma?

— Kidogo.

Chausiku akasimama. Lile "kidogo" lilimkata kama wembe. Angependa kusikia hapana. Lakini hapana yake angeibeba mpaka nyumbani akiichunguza, usiku na mchana. Ilikuwa mara ya kwanza mumewe kumpa ukweli kabla hajaukuta mwenyewe.

— Na mimi itaniuma, tena siku nyingi, — akasema. — Nitakuuliza unakwenda wapi, unatoka wapi, umeongea na nani. Na utanijibu.

— Nitakujibu.

— Hata ukienda chooni.

Alimasi akacheka. Chausiku hakucheka, bado. Alishusha mzigo kichwani, akamtwika yeye, akatangulia mbele kwenye njia ya Rumonge.