Simu Iliyoshika Mombasa

Molu alikuwa mfugaji, na nyumbani kwake kulikuwa nje ya Garsen. Mwaka wa 1999 aliuza madume wawili wa ng'ombe, akaenda Mombasa, akarudi na simu ya mkononi. Jirani zake hawakuwa nayo hata mmoja. Aliitia mfukoni akatembea kifua mbele. Mkewe, Darmi, aliwataja madume wale mara moja tu.

"Mtu akiugua, napiga simu Garsen, pikapu inakuja," Molu alimwambia jirani yake, Huka. "Mambo ya kukimbia na baiskeli mpaka Garsen yamekwisha."

"Umeijaribu hapa?"

"Nimpigie nani? Hii ni ya shida."

Siku chache baadaye, asubuhi, binti yao Kadra alikwenda kufungulia ndama. Nyoka akamuuma mguuni. Darmi alipiga ukelele, na Huka akaja mbio na baiskeli yake.

"Niende Garsen niite gari?"

"Ngoja," Molu alisema. "Simu iko."

Alipiga. Kimya. Akapanda juu ya kichuguu, akapiga tena. Akaenda hadi kando ya mto. Akaizima, akaiwasha.

"Baba Kadra, mtoto anavimba!" Darmi alilia. "Mwache Huka aende!"

"Ngoja kidogo. Mombasa ilishika, hata hapa itashika."

Jua lilikuwa limepanda sana Molu aliposema kwa sauti ndogo, "Huka, nenda." Gari lilikuja. Kadra alifia njiani, mapajani mwa mama yake.

Inaniuma kuyaandika haya. Msimcheke Molu. Hakuwa mjinga, na alimpenda mwanawe kama nyinyi mnavyowapenda wenu.

Baada ya msiba, Molu alikwenda kwa Jotham, fundi wa simu za waya pale Garsen. Aliiweka simu mezani.

"Imeharibika. Nataka kumrudishia yule mwizi aliyeniuzia."

Jotham aliikagua. "Pole sana kwa msiba, mzee. Lakini simu ni nzima. Hizi zinategemea mnara. Mnara ukiwa mbali, simu haipati mawimbi. Huku kwetu mnara haujafika."

"Muuzaji alisema inashika pwani yote! Nilipiga mbele yake, ikaita."

"Ikaita Mombasa. Mzee, kabla ya kuhamisha ng'ombe, unafanya nini?"

"Tunatuma mtu apeleleze. Aone majani kwa macho yake, aonje maji. Awaulize waliolisha pale."

"Na mtu akikuambia tu kwamba majani yapo?"

"Siendi. Ng'ombe watakufa..." Molu akaitazama ile simu mezani.

"Huduma ya simu nayo inapelelezwa vivyo hivyo," Jotham alisema taratibu. "Ijaribu unapokaa, si inapouzwa. Ijaribu zaidi ya mara moja, asubuhi na jioni. Waulize wa huko wanaoitumia kama inakatika. Uliza bei ya kila dakika. Na usiache njia yako ya zamani mpaka hiyo mpya uione inafanya kazi."

Molu alilia mbele ya kijana yule, wala hakujificha uso.

Miezi ikapita. Muuzaji mwingine akaja Garsen na simu za kampuni nyingine, na maneno matamu yale yale. Wanaume wa upande wa Molu walitaka kuchanga wanunue moja. Molu akasimama.

"Kwanza twende nayo nyumbani kwangu. Uipige pale, sisi tunaona."

Muuzaji alicheka, lakini akaenda. Akapiga, akapiga tena. Haikushika. Watu wakarudi makwao na pesa zao. Wakakubaliana kwamba mtu akiugua, baiskeli itoke papo hapo.

Haukupita muda, mke wa Huka akaumwa na nyoka akiokota kuni. Safari hii hakuna aliyesema ngoja. Baiskeli ilitoka, gari likaja, akatibiwa, akarudi kwake akitembea kwa miguu yake.

Molu na Darmi walikwenda kumwona. Darmi alimkumbatia. "Alhamdulillahi, umerudi," akamwambia, na alifurahi kweli. Kisha akaketi chini pale mlangoni akalia sana. Molu alisimama nyuma yake, asithubutu kumgusa.