Madoa ya Shaba

Kila asubuhi kabla ya shule, Firdausi aliosha vyombo nyuma ya nyumba yao, Visiga. Bibi yake wa Kisarawe ndiye aliyemfundisha kusugua sufuria kwa jivu na mchanga mpaka ing'ae, na kwa vile alipenda sifa, Firdausi hakuacha doa hata kwenye mfuniko.

Lakini siku hizo mawazo yake yalikuwa kwingine. Klabu ya sayansi shuleni ilikuwa imechoma kipande cha shaba juu ya jiko la umeme. Kilipopoa, magamba meusi yalibanduka, ukabaki utando mwembamba wa rangi ya damu ya mzee. Walikitumbukiza kwenye maji ya chumvi pamoja na kipande kisichochomwa, kisha mwenzao Tito akaviunga kwa nyaya na kipimo cha umeme. Jua lilipoupiga utando, mshale ulisogea.

Mwalimu Stellamaris aliwaeleza kwamba utando ule haufanani kote. Katika sehemu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, hapa oksijeni imezidi, pale imepungua, na mwanga hufanya kazi tofauti kila mahali. Watafiti huchunguza tando za namna hiyo, wakitumaini jua litatengeneza nishati kutoka kwenye maji. Firdausi alisikiliza akiwa mbali. Alijiona mdogo kuliko chembe ya vumbi, akitembea juu ya utando ule kama kwenye msitu mwekundu, mwanga ukizama taratibu miguuni pake.

Jioni ya kuamkia maonyesho ya sayansi ya Kisarawe, ambako klabu ingeonyesha jaribio lao, alipewa shaba iliyochomwa aitunze. Aliigeuza mkononi, akaona madoa. Aliona aibu kuipeleka vile mbele ya bibi yake, ambaye angekuja kutazama, basi akachukua jivu na mchanga, akaisugua mpaka ikameremeta.

Kesho yake jua liliwaka vizuri, wageni wakakusanyika, na mshale haukusogea. Wanaklabu wakamgeukia Tito, wakisema nyaya kazifunga ovyo. Tito alizifungua akazifunga tena, hadi mwalimu akamwambia akae pembeni. Bibi alikuwa mbele kabisa, akitabasamu. Firdausi alitamani ardhi immeze.

"Mwalimu, Tito hana kosa," alisema. "Shaba niliisugua mimi. Niliona ni chafu."

Mwalimu aliomba jiko la umeme, wakaichoma upya mbele ya wageni na kuiacha ipoe polepole. Ilitoka na madoa mengi kuliko mwanzo. Tito akaunga nyaya, na mshale ukasogea. Firdausi alimwomba Tito radhi.

"Ulichokiona uchafu ndicho kilichokuwa kikifanya kazi," mwalimu alimwambia. "Usichokielewa, uliza kwanza. Na kama ungenyamaza, Tito angerudi nyumbani na kosa lisilo lake."

Bibi alimvuta Firdausi karibu. "Kusugua nilikufundisha mimi, mjukuu wangu," alisema. "Hili la leo sikukufundisha, na limenifurahisha kuliko sufuria zote."