Alama za Yavuyavu

Rafiki yangu, msafishaji wa matangi kwenye jumba la samaki, alirudi kazini wiki moja baada ya kumzika kitindamimba wake wa miaka minne. Asubuhi hiyo alikuwa akiopoa yavuyavu waliokufa, wale viumbe laini wanaowasha kama upupu, umeme ukakatika. Pampu zikanyamaza. Gizani akasikia maji yakichezewa, chwa, chwa, kisha kitu kikamshika mkono, kikamng'ang'ania.

Taa ziliporudi, yavuyavu wote walikuwa upande wa pili wa tangi.

"Pole, kaka," muuguzi wa zahanati akamwambia, akidhani yavuyavu ndio waliomwasha mkono. "Nikupake dawa, alama zitafutika."

"Usizifute, dada," akasema, machozi yakimlengalenga.

Muuguzi akautazama tena ule mkono. Alama zilikuwa za vidole vitano, vidogo, vilivyokaza.