Viatu Vyekundu vya Bibi Makrina

Katika zama zile Dola ya Rumi ya Mashariki ilipotawaliwa na mfalme wa miaka saba, na kila jemadari mwenye farasi elfu akajiona anastahili taji kuliko mtoto yule, palikuwa na mji mdogo wenye kuta nene katika milima ya Anatolia, ukiitwa Likandra. Liwali wake alikuwa amefariki kwa homa, na mjane wake, Bibi Makrina, ndiye aliyeshika funguo za lango. Wakubwa wa nchi walimwinamia mbele ya uso wake, lakini akiwapa kisogo walimwita binti wa mshona viatu. Hawakusema uongo. Baba yake alikuwa fundi sokoni, na Makrina alijua sindano kabla hajajua kusoma.

Mwezi wa kuchuma zabibu, Jemadari Eustratio alitokea na watu elfu nne. Alitangaza kwamba hakuasi, hasha. Alikuwa akienda mji mkuu, Konstantinopoli, kumwokoa mfalme mdogo kutoka mikononi mwa washauri wabaya. Askari wake walimsadiki. Wapanda farasi wa Kiarmenia, waliokuwa nguvu ya jeshi lile, walikuwa wamekula kiapo pamoja na kiongozi wao Vasak kwamba hawatainua upanga juu ya mtoto yule. Makrina hakumsadiki jemadari hata chembe. Akaamuru lango lifungwe.

Hapo ndipo msiba ulipomfika. Binti yake wa pekee, Anthusa, alikuwa bado mashambani pamoja na wachumaji, akakamatwa hatua mia moja kutoka langoni.

Eustratio alikuja mwenyewe na masharti yake, mvua ikinyesha. Akashuka farasini na kusimama matopeni chini ya ukuta, amevaa deraya ya magamba ya shaba na joho la hariri.

"Ewe binti wa mshona viatu!" aliita. "Nakupa siku tatu. Fungua lango, ama nitakurudishia mwanao hana macho."

Makrina akashika ukingo wa ukuta. 

"Jemadari, nimesikia. Siku ya tatu, adhuhuri, njoo hapa hapa na jeshi lako lishuhudie. Utaapa mbele ya picha takatifu ya mji wetu, kwa desturi ya mji wetu, kwamba hutamdhuru mwanangu wala mtu wa Likandra. Ukishaapa, nitakukabidhi funguo."

"Nitaapa kwa desturi yoyote uipendayo!" alijibu Eustratio, akacheka. Kuapa kulikuwa kazi nyepesi kwake, wala hakuuliza desturi yenyewe ni ipi.

Alipokwisha kwenda zake, Makrina alitoka kwa mlango mdogo wa ukutani, mkononi ana kipande cha uzi. Padri Kosma, mzee aliyembatiza Anthusa, alimfuata mbio akamkuta amepiga magoti matopeni, akipima unyayo wa jemadari.

"Binti yangu, huzuni imekuzidi," alisema padri.

"Bado, Padri. Huyu bwana ana mguu mpana na kidole gumba kikubwa. Naomba ile ngozi nyekundu uliyoiweka kwa ajili ya jalada la Injili."

Padri alipotambua ngozi ile inatakiwa kwa kazi gani, uso ulimpauka. Katika dola ile viatu vyekundu vilikuwa vya mtu mmoja tu, naye ni mfalme. Mtu mwingine akivivaa, ameshatangaza kwamba anautaka ufalme. Fundi akivishona bila amri, hukatwa mikono.

"Watakukata mikono hii, Makrina!"

"Na macho ya mwanangu je? Lete ngozi, Padri."

Kwa siku mbili alishona dirishani penye mwanga, na machozi yalipomzibia tundu la sindano aliyafuta kwa kiwiko, akaendelea. Kipimo alikipunguza kidogo, nusu ya upana wa kidole. Ngozi aliiacha na unyevunyevu, kwa kuwa ngozi ya namna hiyo huingia mguuni kwa upole, na ikikauka hubana. Asubuhi ya siku ya tatu alivituma kwa Eustratio kambini ndani ya sanduku, na waraka mfupi: "Kwa atakayeketi katika kiti cha enzi. Mtu asivione kabla ya siku yake."

Mtu mwenye akili angelifunga sanduku lile mara moja. Lakini Eustratio alikuwa ameviota viatu hivyo tangu ujana. Mtumishi wake alisimulia baadaye jinsi alivyovivaa, akatembea huku na huku hemani akijitazama miguu, jua likiwaka juu ya turubai, mpaka ngoma za adhuhuri zikalia. Akavivuta. Havikutoka. Mtumishi akavuta, wote wawili wakaanguka chali. Ndipo mtumishi alipochomoa kisu.

"Weka chini!" Eustratio alimkemea. "Nani wewe ukate viatu vya mfalme?"

Akajitupia joho lililofika ardhini, akatoka.

Jeshi lilikuwa limejipanga mbele ya lango. Padri Kosma alishika picha takatifu, na Makrina alisimama kando yake na funguo, pekupeku. Desturi ya Likandra ilikuwa kwamba hakuna aikaribiaye picha ile na viatu miguuni, awe liwali au askofu. Vasak, aliyekuja kama shahidi wa kiapo, alivua vyake.

"Jemadari, viatu," alisema Padri Kosma.

"Nitaapa hivi nilivyo."

"Ulikubali desturi yetu," alisema Makrina. "Watu elfu nne wanangoja."

Vasak alidhani mkubwa wake anaona haya kuinama mbele ya watu. Kwa heshima akapiga goti amsaidie, akainua pindo la joho.

Akaviona viatu vyekundu. Kisha akauliza, "Ni vya nani hivi?"

"Ni hila ya mwanamke huyu! Ni zawadi tu!"

"Basi vivue, bwana wangu."

Eustratio akavuta. Akarukaruka kwa mguu mmoja mbele ya jeshi zima, na nyuma safuni mtu mmoja akacheka. Vasak hakucheka.

"Tuliapa hatutainua upanga juu ya mtoto," alisema, "nawe unatupeleka kumnyang'anya kiti." Akawageukia watu wake. "Mfungueni yule binti!"

Wapanda farasi walipogeuza farasi wao, askari wa miguu nao walianza kutupa mikuki chini. Eustratio alitoroka na watu wasiozidi kumi, viatu vyekundu bado miguuni.

Anthusa alikuja akitembea peke yake, miguu mitupu, vumbi hadi magotini. Makrina alimkimbilia, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Unaniona?"

"Nakuona, mama. Unalia."

"Niache nilie, mwanangu. Niache."

Mtawa aliyeandika habari za vita vile alisema mji uliokolewa kwa muujiza, na kwamba mjane fulani aliomba sana. Viatu hakuvitaja, maana Padri Kosma alimsihi asivitaje, kwa usalama wa mikono ya mtu. Makrina aliposomewa maneno hayo aliitikia "Amina" kwa moyo wote.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, jua likiwa bado juu ya kuta, aliketi kizingitini, akapakata mguu wa binti yake, akaupima kwa uzi ule ule.

"Umekua," alisema. "Vyako nitaviachia nafasi."