Wavuvi Wasio na Mashua

Kila maji yakitoka, mimi na mama mkwe tunaingia kwenye mikoko. Yeye anashika kisu, mimi nabeba ndoo. Tunabandua chaza kwenye mizizi. Wakubwa tunachukua, wadogo tunawaacha wakue. Mama mkwe alifundishwa na mama yake, naye alifundishwa na mama yake. Chaza hao ndio mboga yetu, na wakizidi tunauza.

Jumatatu mlinzi wa hifadhi ya bahari alituzuia. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Hifadhi ina mpango mpya," alisema. "Wanaoruhusiwa kuvuna ni walioandikwa humu. Nyinyi hammo."

"Mimi simo?" mama mkwe aliuliza. "Nani kaandika hiyo karatasi?"

Jibu nililijua. Katibu wa kamati ya wavuvi ni mume wangu.

Nilimkuta nyumbani anashona wavu.

"Baba watoto, mbona umetuacha nje?"

"Fomu iliuliza wavuvi," alisema bila kuinua macho. "Nikaandika wenye mashua na nyavu. Nyinyi mnaokota tu."

Tunaokota tu! Mgongo unaniuma, vidole vimejaa makovu, halafu eti naokota tu. Nilimchoka kabisa. Hata kugombana sikuwa na hamu. Nilivaa viatu, nikaenda kwa afisa uvuvi.

Afisa alinisikiliza, akashusha pumzi.

"Jamani, hii ni kamati ya tatu mwaka huu kuwaacha wanawake!" alisema. "Sikiliza, dada. Sheria inatambua haki ya wenyeji kuvuna walichovuna tangu zamani. Haki hiyo ni ya jamii nzima, si ya wenye mashua peke yao. Anayevuna kwa miguu ni mvuvi pia."

"Sasa tufanyeje?"

"Mpango unarekebishwa. Itisheni mkutano, na wanawake wote waje. Andikeni nani anavuna nini, wapi, lini, na kwa kifaa gani. Andikeni pia mnavyowalinda chaza wadogo. Wekeni sahihi, mniletee."

Wanaume walikuja mkutanoni wamenuna. Mmoja alilalamika kwamba tunampotezea muda.

Mama mkwe alimgeukia. "Bahari ikichafuka, mashua yako inalala. Siku hizo unakula nini?"

Watu walicheka. Yule bwana alimtupia jicho mkewe aliyekaa pembeni yake, akaketi.

Mume wangu aliandika mpaka mkono ukamuuma. Alipofika kwa mama yake, alisita.

"Mama, kazi yako niandike nini?"

"Umekula chaza wangu tangu umeota meno, na bado unaniuliza?"

Aliinamisha kichwa, akaandika: mvuvi. Kwangu hakuuliza.

Afisa alipeleka marekebisho, na mwezi uliofuata yakapitishwa. Tulirudi kwenye mikoko na ndoo zetu. Mlinzi alitafuta majina yetu, akayaona.

"Sasa mnaruhusiwa, mama. Piteni."

"Nilikuwa napita hapa kabla hujazaliwa," mama mkwe alisema. "Wewe ndiye umechelewa kujua."