Shibe ya Ugenini

Ijumaa ile, kwenye sinia la pilau nyumbani kwa Bi Mwanakheri, mikono yote ilisimama kwa pamoja. Hakuna aliyeamrisha. Wapwa na wakwe waliolizunguka sinia waliacha kula kwa wakati mmoja, wakasema kwa adabu, "Nimeshiba, alhamdulillahi." Pilau ilikuwa imemegwa pembeni tu. Katikati ilibaki vile vile, na nyama yake juu.

Hivyo ndivyo walivyokula watu wa Jiji la Neema. Chini ya ubavu wa kila mmoja kilikaa kishibisho, chombo kisichozidi punje ya mtama, kilichoshikizwa kwenye mshipa wa fahamu utokao tumboni kwenda kwenye ubongo. Zamani watu hao walichoshwa na kujinyima: mara waache wali, mara wanywe maji ya ndimu, mara wale majani kama mbuzi, na mwisho wanarudi kule kule na unene wa nyongeza. Kishibisho kiliwapumzisha. Kiliinyamazisha njaa kabla haijasema, na mlaji alipofika kipimo, kiliuambia ubongo kwamba amejaa, chakula kikawa mchanga kinywani. Wakati wa kula ukifika, jiji lilipiga king'ora. Mtu hakuwa na haja ya kujiuliza chochote.

Aliyekifundisha chombo hicho kuitambua shibe ni Mhandisi Tumu Shekiondo, na siku hizi alikichukia mno. Aliitazama pilau ya shangazi yake. Macho yaliitaka, pua iliitaka, koo limefungwa. Akabugia tonge moja kwa ukaidi tu. Likamkwama, akalitemea kiganjani huku amegeuka upande.

Bi Mwanakheri alikuwa akila peke yake, bila haraka, mpaka vidole vinang'aa mafuta. Wazee wa rika lake hawakuwekewa kishibisho. Madaktari waliogopa kuwapasua.

"Ndiyo umeshiba, Tumu?"

"Nimeshiba, shangazi."

"Wacha maneno yako! Hiyo shibe ya ugenini hiyo. Kula mwanangu, hapa uko kwenu."

Watu walicheka. Tumu naye alitaka kucheka, lakini neno lile lilimchoma.

Shibe ya ugenini! Akakumbuka chumba cheupe cha taasisi iliyokibuni kishibisho, enzi za ujana wake. Waliojitolea kukifundishia chombo waliketishwa mbele ya madaktari wasiowajua, wakaletewa wali kwa kuku. Kila mtu aliposema "nimeshiba", Tumu alibonyeza kitufe, na chombo kikanakili hali ya mshipa wake: shibe ndiyo hii. Lakini nani aliyelelewa kwa adabu, akala ugenini mpaka akatosheka? Mgeni humega kidogo, husema ameshiba, kisha hungoja kubembelezwa: ongeza, mbona hujala kitu? Hukataa, hubembelezwa tena, ndipo hula. Mle chumbani hakuna aliyembembeleza mtu. Walibonyeza kitufe, wakaondoa sahani. Mashine haikujua adabu. Iliamini kila ilichoambiwa. Na jiji zima, tangu siku hizo, lilikuwa likila kwa haya.

Ule uchovu wa watu wa Neema, zile nywele za wasichana zinazobaki kwenye kitana, kule kuzimia ofisini kulikosingiziwa joto, vyote sasa vilikuwa na jina.

Alimwendea mkuu wa taasisi, Dokta Kimweri. Mzee huyo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Basi yaishie hapa."

"Dokta, watu wana njaa!"

"Hawaisikii, Mhandisi."

"Tukipandishe kipimo, basi."

"Tukipandishe mpaka wapi? Ili ukipandishe lazima umpate mtu anayeijua shibe yenyewe, na wazee wanaoijua hawapasuliki. Na tukivizima, watu watakula mpaka wapasuke, maana hakuna anayejua pa kuishia. Wewe mwenyewe unapajua?"

Tumu alijaribu kupakumbuka. Hakupajua.

"Chako kizime ukitaka," Dokta Kimweri alisema, akimwepuka macho. "Vya watu usiviguse."

Alikizima siku ile ile. Alidhani mlango umefunguka, kumbe ametoka chumba kimoja akaingia kingine kisicho na dirisha. Mwili ulimnyamazia, na njaa ya utotoni alikuwa ameshaisahau. Mara ya kwanza alikula wali mpaka akatapika, kwa kuwa hakuna kilichomwambia basi. Kesho yake aliogopa sufuria, akashinda na chai. Alisimama jikoni, kijiko mkononi, akiuliza tumbo lake kwa sauti, "Unataka? Hutaki?" Halikumjibu. Ilimjia hamu ya kukiwasha kishibisho, na ilikuwa hamu kali kuliko hamu ya chakula. Alijichukia kwa hilo, lakini hakukiwasha.

Asubuhi moja, akiwa mezani pake kazini, maumivu yalimshika chini ya kifua. Jasho lilimtoka. Akampigia shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi. Naumwa. Nadhani nimeuharibu ule mshipa."

"Marahaba. Unaumwaje?"

"Kuna kitu kinanikwangua humu ndani. Kinanguruma, kinanyamaza, kinarudi. Mikono inatetemeka, na kuna mtu anakaanga vitunguu huko nje, mate yananijaa mdomoni mpaka naona aibu. Niende hospitali?"

"Umekula nini tangu uamke?"

"Sijala."



"Tumu, hiyo ni njaa, mwanangu."

Tumu aliweka kiganja tumboni. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeshamwanza, na chuo kikuu walisoma vitabu vyake.

"Ikishakuja," aliuliza polepole, "mtu anafanyaje?"

Alingoja jibu. Alichosikia kwenye simu ni shangazi yake akilia.